Albamu ya Mel Muuaji

Melvin Tolliver alituacha mimi na Cleophus kwenye kundi letu la rap kwa sababu, alisema, sisi ni walaini. Oakland haikutaka walaini. Akajipachika jina la Mel Muuaji, akasaini na kampuni ndogo ya bwana mmoja aitwaye Fisk, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake ya kwanza ya peke yake. Kwenye jalada amekunja uso, ameshika mnyororo wa mbwa wa kuazima. Ukitazama vizuri utaona anavyomkwepa huyo mbwa.

Wimbo wa tatu ndio uliopendwa. Humo Mel anasimulia alivyompiga mtu risasi nyuma ya duka la pombe usiku wa Pasaka, na yule mtu akaomba maji kabla ya kukata roho. Kweli kulikuwa na mtu aliyeuawa pale, Rennie Baptiste, Pasaka ya miaka miwili kabla ya hapo. Muuaji hakuwahi kupatikana.

Siku ya uzinduzi, pale kwenye duka la kaseti, wapelelezi wawili waliingia, wakamfunga pingu. Mashabiki wakashangilia. Mel naye akaziinua pingu juu ili apigwe picha vizuri.

"Usiseme kitu mpaka Jumatatu," Fisk alimnong'oneza. "Kaseti zinaisha, mwanangu. Zinaisha!"

Huko mahabusu jamaa mmoja mwenye shingo kama gogo akamsogelea. "Wewe ndiye uliyemuua Rennie?"

Mel akavimba kifua. "Mtaa mzima unajua."

"Rennie ni binamu yangu."

Walinzi wanasema hawajawahi kusikia mwanamume akimwita mama yake kwa sauti kubwa namna ile.

Mama Tolliver alifika kesho yake akiwa na kofia ya kanisani na mchungaji pembeni. Waandishi wa habari walikuwa wamejaa mlangoni.

"Huyu kaua nani?" alifoka. "Pasaka ile tulikuwa Sacramento, mashindano ya kwaya! Kavaa joho la zambarau, kaimba peke yake ubeti wa pili, kalia mpaka nikamfuta kamasi. Picha hii hapa. Mtazameni!"

Wakamtazama. Jioni mji wote ulikuwa umeiona hiyo picha kwenye televisheni. Mel akaachiwa, na watu wakaanza kurudisha kaseti. Cleophus alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Mimi nilijikaza, lakini nilipomkuta Mel kibarazani kwao nikashindwa.

"Shikamoo, Muuaji," nikamwambia.

"Niache, Lonzo."

Tulikuwa bado tunatupiana maneno alipokuja mwanamke mwembamba aliyevaa sare ya wauguzi. Alikuwa mama yake Rennie.

"Nimeusikiliza wimbo wako," alimwambia Mel. Hakupandisha sauti. "Unasema mwanangu aliomba maji. Polisi hawakuniambia hivyo. Gazeti halikuandika. Nani alikuambia?"

Kicheko kikanikauka.

"Nilisikia tu, mama. Kinyozini."

"Kwa nani?"

Mel akatazama upande wa barabara. "Sikumbuki."

"Kwenye kaseti unakumbuka kila kitu."

Mel akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta. Huyu ndiye aliyetuambia kwa nyimbo kumi na mbili kwamba haogopi mtu aliye hai.

Mlango wa wavu ukafunguka. Mama Tolliver alikuwa amesikia yote kutokea jikoni.

"Ulisikia kwa nani, Melvin?"

"Mama, wataniua."

"Nakuuliza mimi."

"Tyrell Goss," akasema, taratibu sana. "Alikuwa ananyolewa. Alikuwa anaigiza Rennie alivyoomba maji, watu wanacheka."

"Na wewe ukaenda kuimba," alisema mama yake Rennie.

Mama Tolliver akaingia ndani kuchukua funguo za gari.

Walikwenda polisi wote watatu, Mel kakaa nyuma kama mtoto aliyefukuzwa shule. Goss alikamatwa wiki ileile. Fisk alipiga simu mara moja kusema mkataba umekwisha. Kampuni yake, alisema, haiwezi kuuza rapa aliyekwenda polisi kwa miguu yake.

Kesi ilipofika, nilikwenda kusikiliza. Mel alisimama kizimbani kama shahidi, na suti ya marehemu baba yake. Goss alikuwa anamtazama bila kupepesa. Jaji alimwambia Mel mara mbili apaze sauti, hakuna anayemsikia.

Akapaza.