Mandala ya Siddhiman

Kaka yangu Siddhiman Tamrakar ametafsiri vitabu thelathini na kimoja. Idadi naijua kwa sababu mimi ndiye ninayevipangusa vumbi. Warusi, Wabengali, Wajapani, na Mturuki mmoja mwenye masikitiko yasiyokwisha: wote wameingia katika Kinepali kupitia chumba chake, hapa Patan, Nepal, na wote kwa namna fulani wamekunywa chai yangu. Mashairi yake mwenyewe, aliyoyatunga kwa lugha yetu ya Kinewari, hayapo kwenye rafu hiyo.

Yalichapishwa mara moja tu, kitabu chembamba. Ilikuwa enzi ile ambayo wakubwa waliiona lugha yetu kuwa ni fitina. Askari walikuja wakabeba nakala zote pamoja na madaftari, kisha wakambeba na yeye, akakaa ndani miezi minne. Alipotoka, mama alimuuliza kama atayaandika upya. "Yako kichwani, mama," akasema. "Humo askari hawapekui." Akasema kwanza atafute riziki, akachukua tafsiri moja. Ikafuata ya pili, na miaka zaidi ya arobaini ikaenda hivyo hivyo.

Mimi ni mdogo wake, Tejmaya. Sikuolewa na mwanamume. Niliolewa na tunda la beli, tunda gumu la mti mtakatifu, nikiwa na miaka saba, kama ilivyo desturi kwa wasichana wetu wote, na mume huyo hajawahi kunifokea wala kuniachia soksi sakafuni. Kwa hiyo nimebaki katika nyumba ya wazazi wangu. Wifi yangu Astamaya alifariki miaka miwili iliyopita. Mwanawe Rajib yuko Australia na mkewe na binti yao Anvi. Nyumba ya ghorofa nne ina watu wawili. Zipo siku hatusemezani mpaka chai ya jioni, kila mmoja anajua mwenzake yu hai kwa kumsikia akikohoa. Upweke wake naujua kwa sababu ni wangu pia, ila yeye wake ameuzungushia vitabu.

Msimu wa mvua ulipoisha, daktari wa macho alimwambia bila kuzunguka: umebaki mwaka mmoja wa kusoma na kuandika, baada ya hapo ni vivuli. Kwa mwendo wa kaka, mwaka mmoja ni kitabu kimoja. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikidhani sasa atayaandika ya kwake. Siku tatu kabla ya sikukuu yetu ya mwaka mpya akaja Bwana Dahal, mchapishaji, na riwaya ya Kiingereza nene kama tofali, na mkataba juu yake.

"Mwalimu, bila wewe hii haiguswi," Dahal akasema huku akimaliza biskuti zangu. "Nani mwingine yupo?"

"Iache hapo. Sikukuu ikiisha, njoo uchukue sahihi."

Dahal alipokwisha kushuka ngazi nikamsimamia kaka mbele ya meza.

"Na yako je?"

"Yangu yapi?"

"Usinifanye mtoto, kaka. Mashairi yako."

"Yangu yako salama kichwani, Teju. Hata nikiwa kipofu yatakuwepo. Huyu mgeni ndiye anayehitaji macho."

"Mgeni ana ndugu zake huko kwao, wamhangaikie wao!"

"Chai imepoa," akasema. Hivyo ndivyo anavyofunga mjadala.

Ikafika Mha Puja, mwaka mpya wetu, siku ambayo kila mtu anauabudu mwili wake mwenyewe. Ni siku moja tu katika mwaka mtu anaruhusiwa kujiheshimu bila kuambiwa ana maringo. Kila mtu wa nyumba anachorewa mandala yake, duara takatifu, sakafuni kwa unga wa mchele, aliyepo na aliye ng'ambo. Yama, bwana wa mauti, anachorewa yake mwanzo wa mstari, na wajumbe wake mwisho. Wafu hawachorewi. Tambi za mafuta zikishawashwa juu ya mandala hakuna kunyanyuka mpaka ziishe, hata mlango ukigongwa na mfalme, na wafalme wenyewe tulishawaondoa.

Kuchora ni kazi ya mwanamke mkubwa wa nyumba, lakini mwaka huu magoti yangu yaligoma. Kaka akasema atachora yeye. Alijikunja sakafuni, uso karibu ugusane na unga, nami nikawa nakaanga mayai na samaki. Kutoka jikoni nilihesabu: Yama, kaka, mimi, Rajib, mkewe, Anvi, wajumbe. Saba. Nikapanga maua, kokwa za jozi na nyuzi, nikawasha tambi zote, nikaketi mbele ya mandala ya tatu na sahani ya rangi nyekundu mkononi, tayari kumpaka kaka wa kwanza kwenye paji la uso.

Kaka hakuketi mbele ya mandala ya pili. Alikuwa pembeni, kwenye sakafu tupu, karibu na Yama.

"Sogea mahali pako," nikamwambia.

"Hapo ni pa Astamaya."

Mkono wangu ulibaki hewani. "Umemchorea marehemu?"

"Sikufikiri, Teju. Nilikuwa nawataja mmoja mmoja, watu wa nyumba hii, nikaanza na yeye."

"Na wewe uko wapi?"

Akaufuata mstari kwa kidole, midomo ikitembea. Alihesabu mara mbili. "Nimejisahau," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeacha mwavuli dukani.

Nilitaka kulia, na nilitaka kumchapa na mwiko. Unga ulikuwa kwenye kona nyingine, na hakuna aliyeruhusiwa kunyanyuka.

"Kalia hiyo hiyo basi."

"Nimkalie mke wangu? Hata alipokuwa hai hakuwahi kukubali."

Tulicheka sote wawili. Kicheko kilipokwisha, hasira yangu ilikuwa palepale, tena imeongezeka.

"Ndivyo ulivyoishi, kaka! Umewapa mahali Warusi, umempa mahali yule Mturuki mliaji, sasa unampa mahali mtu wa Dahal. Siku ya mwili wako mwenyewe umekaa nje kama mtu aliyekuja kuazima chungu. Haya. Hatutoki hapa mpaka tambi ziishe. Nisomee shairi lako. Moja tu, kutoka huko kichwani."

"Sasa hivi?"

"Una safari?"

Akafumba macho. "Theluji inafunika reli," akaanza, "na mlinzi wa stesheni..." Akanyamaza. "Hapana. Huyo ni Mrusi."

"Endelea."

"Mama aliuza ng'ombe mweusi, akaja na..." Akatikisa kichwa. "Mbengali."

Mara ya tatu alifumbua mdomo na hakikutoka kitu. Nilimwona akitafuta. Nilimwona, mzee wa miaka sabini na minne, akifungua chumba baada ya chumba humo kichwani na kukuta wapangaji tu.

"Yalikuwepo," akasema. "Teju, yote yalikuwepo. Sikuwa naenda kuyatazama tu, kwa kuwa nilijua yapo."

Niliogopa kuliko siku ile askari walipokuja. Siku zile, yeye akiwa ndani, nilikuwa na desturi ya kusema shairi lake moja nikiosha vyombo, ili sauti yake isipotee kabisa nyumbani. Sikuwahi kumwambia, maana angeniona mpumbavu. Sasa nikalisema, nikiangalia moto wa tambi, si yeye:

*Baba alipiga shaba hadi ikawa mtungi.*
*Mtungi ukaenda kwa watu, na maji yakaenda kwa watu.*
*Sisi nyumbani tulibaki na mlio.*

Kaka aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya kazini.

"Zuri," akasema. "La nani?"

"Lako."

Chini uani watoto wa jirani walikuwa wanapigiana fataki.

"Kuna mstari haupo," akasema hatimaye. "Kati ya wa pili na wa tatu. Nilikuwa na mstari pale."

"Unasemaje?"

"Sijui." Akavua miwani, na hakujifuta machozi. "Rudia."

Nikarudia. Akasema rudia tena. Tambi ziliisha, na tulikuwa na ruhusa ya kunyanyuka, lakini hakuna aliyenyanyuka.

Siku nne baadaye Dahal alikuja. Nilimkuta ngazini, nikamkabidhi tofali lake na mkataba usio na sahihi.

"Kulikoni, dada? Mwalimu anaumwa?"

"Ana kazi. Anamtafsiri mshairi mmoja."

"Ooh! Wa nchi gani?"

"Wa hapa hapa uani kwetu," nikamwambia. "Amebakiwa na mistari mitatu, wa nne anautafuta."