Mstari wa Direkta

Natangaza kwa heshima zote kwamba mimi, Stanislas, mwanafunzi wa darasa la tano la sekondari na mwenye kitanda namba kumi na saba, ndiye bingwa wa mstari wa sahihi katika Likasi nzima. Washindani walikuwa wachache. Shule yetu ya bweni ilikuwa na kompyuta moja, na mtawa wetu, Frère Théodore, aliniruhusu kuigusa kwa sababu kucha zangu zilikuwa safi.

Ufundi wenyewe ni huu. Barua ikiisha, unashuka mistari minne ili mkubwa apate nafasi ya kuitembeza kalamu yake. Unasogea hadi nusu ya karatasi. Unakandamiza kitufe cha kistari cha chini mpaka mstari umtoshe mtu mnene. Chini yake unaandika jina. Chini ya jina, cheo. Halafu unachapa haraka, kabla umeme wa bwawa la Mwadingusha haujabadili mawazo.

Mwaka 1995, shule ilipofungwa kwa Pasaka, nilimpelekea baba yangu, Germain, barua ya namna hiyo. Alikuwa fundi wa mota kwa miaka ishirini na miwili, mpaka kiwanda kiliponyamaza akaambiwa asubiri nyumbani, mtaani Kikula. Barua ilimwita arudi kazini Jumatatu bila kukawia. Nilisema nimepewa na tarishi njiani.

Nilikuwa nimeweka kinga mbili. Kwanza, tarehe: mosi Aprili, siku ya mizaha, ambayo hata mapadri wetu hubandikana samaki wa karatasi mgongoni. Pili, mstari wa direkta wa kiwanda niliuacha mtupu. Nani angeamini?

Baba aliamini. Tangu kampuni iache kugawa kalenda za mwaka mpya, nyumbani kwetu tarehe zilikuwa zimekwisha; tulijua Jumapili tu. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa ameshusha kofia yake ya kazi kutoka juu ya kabati na anaifuta vumbi.

"Germain, umekonda! Salopeti ya kazi itakuanguka mbele ya bantu!" mama alisema huku akicheka.

"Iache ianguke. Mota haiko na macho."

Akacheka mwenyewe, mpaka akakohoa. Sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa miaka miwili. Nikaacha aamini.

Jumatatu alirudi saa sita mchana.

"Mulinzi anasema direkta hayasaini bado," alimwambia mama. "Nitarudia kesho."

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Nilimfuata mara moja kwa mbali. Alisimama nje ya lango, kofia kichwani, barua ndani ya mfuko wa plastiki, akiwapisha walinzi kwa adabu kila walipopita.

Ijumaa aliniita. "Stani, weye njo unajua masini. Andikia direkta, umuombe asaini tu. Mustari iko tayari."

Nilikwenda kwa Frère Théodore, nikaandika, nikachapa, nikaweka na mstari wa baba. Nyumbani, baba aliuwekea sahihi polepole, ulimi nje kidogo kama mtoto. Kisha akaziweka karatasi mbili sambamba mezani ili azikunje pamoja, na mkono wake ukasimama.

Mpira unaoviringisha karatasi katika mashine ya kuchapa ya shule ulikuwa na kovu. Kila mstari ulikatika kidogo, palepale. Baba alipitisha ukucha juu ya mstari wake, halafu juu ya ule wa direkta. Vidole hivyo vilikuwa vikijua mota inayougua kwa kuigusa tu.

"Hii iko na kidonda," alisema. "Na ya direkta iko na kidonda. Fasi moja."

"Ndiyo, baba."

"Ni masini moja."

"Ni miye njo niliandika. Zote mbili. Nilitaka ucheke."

Akaangalia kofia yake kwenye kiti.

"Nilicheka," alisema. "Siku ile nilicheka kweli."

Nilitamani anipige. Hakunipiga, kwa hiyo ikabidi niseme na lile lililobaki.

"Nilikuwa nakuona asubuhi unaenda, baba. Kila siku. Nikakuacha uende."