Majina Kwenye Bomba la Bandari

Bomba la lango la bandari lilijengwa na babu yangu. Hivyo ndivyo mama alivyonilea, na ole wako umpinge. Shida ni kwamba kila nyumba ya mji huu imelelewa hivyohivyo. Kwa wengine lilijengwa na babu yao mwashi, kwa wengine na babu yao rubani wa meli, na ipo familia inayodai heshima kwa sababu babu yao alishika taa wenzake wakifanya kazi.

Basi lilipoharibika, baraza la mji likaniita mimi, fundi bomba. Nikalitengeneza upesi, halafu nikaambiwa nisifungulie maji. Kwanza historia iandikwe! Kamati ikaundwa, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Walikutana, wakanuna, wakaondoka kwa hasira, wakarudi kununiana upya. Huku nje makuli wanatoka kushusha shehena, koo zimewakauka, na matusi yote napewa mimi.

Mama naye hakuwa na habari na koo za watu. Babu alichimba mtaro wa maji kutoka kilimani, akapata homa ya kifua kwenye yale matope, ikamuua. Picha yake hakuna, na kaburi lake limefunikwa na maghala.

"Nisife kabla sijaliona jina la baba yangu limeandikwa mahali," alinisumbua kila nikikaa kula.

Mwishowe kamati ikaamua kuandika wote. Wote, hata mshika taa. Mchonga mawe akachonga jiwe, likabandikwa ukutani kwa saruji, na kusema kweli lilipendeza. Mama akaligusa jina la babu kwa kidole, akalia. Mimi nikalitazama jiwe juu mpaka chini, nikashika kichwa.

"Mwenyekiti, maji yatatokea wapi?"

"Si ni hapo hapo kwenye bomba?"

"Bomba lenyewe liko wapi?"

Akakohoa. "Sisi tulikuwa tunashughulikia historia, fundi."

Majina yalikuwa mengi hata jiwe likaziba ukuta mzima, na bomba limebaki nyuma yake. Nikawaeleza taratibu: kwa nyuma ya ukuta naweza kuuhamisha mrija kidogo, huku au kule, lakini lazima jiwe litobolewe, na popote nitakapotoboa pana jina la mtu. Bora ningenyamaza. Wajukuu wa mwashi wakasimama mbele ya mwashi wao, wa rubani mbele ya rubani wao.

"Toboa kwa mshika taa," mtu akasema, na wajukuu wa mshika taa wakaanza kukunja mikono ya mashati. Mwenyekiti akaomba kikao kingine.

Kikao kingine! Nilikusanya vyombo vyangu niende zangu, wabaki na jiwe lao.

Wakati huo kuli mmoja alikuja na dumu lake. Akalitazama jiwe, akapapasa akitafuta pa kufungulia, akaondoka nalo tupu. Mama, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa njia, akamfuata kwa macho, kisha akasonya.

"Toa hiyo drili."

"Nitoboe wapi, mama?"

"Kwa baba yangu."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, sijawa kiziwi. Baba alikuwa mchimba mitaro, amezoea kulowana. Toboa, watu wana kiu."

Nikatoboa. Vumbi la jina la babu likanijaa mikononi, na kwa jinsi nilivyoukasirikia mji ule mzima, machozi yalinitoka. Nikazunguka nyuma, nikaunga mrija, nikafungulia. Maji yakatoka na kutu kwanza, kisha yakatakata. Ghafla wale wale waliokuwa wakilinda majina wakawa wanasukumana kupanga foleni.

Mama alikuwa wa kwanza. Akakinga viganja, akanywa, akanawa uso, akakinga tena. Foleni ikaanza kuguna, nami nikamshika bega nimsogeze wengine wapate nafasi. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Niache," akasema. "Sijamaliza na baba yangu."