Hakuna Aliyerudi Kumshukuru

"Achama, mjukuu wangu. Zaidi. Sema aaa."

Judith aliachama. Mama yake, Kristina, alikuwa amempakata huku amembana mikono kwa kanga. Mzee Lukasi aliukandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akamgeuza mtoto uso kuelekea jua, akachungulia. Kisu chake cha kukatia vimeo, chembamba, kilichopinda nchani kama mundu, kilikuwa tayari kwenye bakuli la maji ya moto.

Akachungulia tena. Koo lilikuwa jekundu, limevimba, lina madoa ya usaha pande zote mbili. Lakini pale katikati, ambapo kila binadamu ana kinyama chake kinachoning'inia, hapakuwa na kitu. Palikuwa na kovu tu.

"Huyu alishakatwa," alisema. "Nani huyo aliyeniwahi?"

Aliuliza kwa wivu kidogo. Upande ule wote wa milima, hadi chini Mlali, watu walijua kwamba mkata kimeo ni mmoja, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulijua hilo.

Kristina aliinamisha uso. "Ni wewe, babu. Mwaka jana, tulipokuwa tunavuna maharage."

Lukasi alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akalitazama lile kovu vizuri. Lilikuwa limenyooka, halina mkunjo hata mmoja. Ulikuwa mkono wake, aliutambua kama fundi cherehani anavyoutambua mshono wake.

"Sasa imekuwaje koo limeuma tena?"

"Halijawahi kuacha kuuma."

Kwao dawa ya koo haina asante. Mtoto akishakatwa, kile kinyama hufukiwa majivuni, mama humbeba mwanawe akaondoka bila kuaga wala kugeuka nyuma, na harudi kusema kapona au hakupona, maana shukrani huiua dawa. Mkikutana kanisani mnasalimiana, mnaongea habari za karoti na mvua, koo halitajwi. Kwa hiyo tangu baba yake alipomwachia kisu, Lukasi hakuwahi kuambiwa lolote, na ule ukimya wote akauhesabu kuwa uzima. Raha iliyoje! Hakuna mganga aliyelala usingizi mtamu kama yeye.

"Najua nimevunja mwiko," Kristina alisema, machozi yakimtoka. "Lakini usiku anaweweseka, uji haupiti, hata mate yanamshinda. Kata hicho kilichobaki, babu. Nisije nikampoteza kama Gabrieli alivyompoteza mwanawe Evance."

"Evance yupi?"

"Yule uliyemkata baada ya Pasaka. Si damu ilikataa kukauka, mpaka..."  Alimtazama mzee, na uso wake ukabadilika. "Babu, kumbe hukujua?"

 Gabrieli alikuwa mkulima mwenzake Lukasi, shamba lake likiwa ng'ambo ya kijito. Alihama ghafla, na Filomena, mkewe Lukasi, ndiye aliyeleta habari kwamba wamepata ardhi Mlali. Mzee aligeuza shingo polepole kuelekea jikoni. Filomena alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mkononi, na hakuwa anashangaa. Hilo ndilo lililomshtua kuliko yote.

"Ulikwenda kuzika?" alimuuliza.

"Nilikwenda."

"Ukarudi ukanipikia."

"Ningekuambia nini, Lukasi? Nilirudi nikakuta uani pamejaa watoto wengine."

 Alikaa chini kwenye vumbi, mtu mzima na mvi zake, mbele ya mtoto. Alitaka kuuliza wengine ni akina nani. Akaogopa.

Judith alijaribu kumeza, akajikunja, akalia bila sauti. Kilio kile kilimwinua.

"Mbebe," alimwambia Kristina. "Tunashuka zahanati."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Walipofika, mganga wa zahanati, kijana mpole aliyewaamkia wote wawili, aliwasha tochi akachungulia. Akaizima. "Nani alimkata huyu?"

Kristina alifungua kinywa ili amfiche mzee, lakini mzee alimtangulia. "Mimi."

Kijana alimtazama. Alimchoma Judith sindano ya kuua vidudu, akaagiza alazwe, na maumivu yakipungua awe anasukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

"Chumvi ipi?" Lukasi aliuliza.

"Hii hii ya jikoni, babu. Ila asiyameze."

Aliupanda mlima peke yake, akisimama kila mahali, na haikuwa pumzi iliyomsimamisha. Uani kwake alimkuta mwanamke amekaa pale pale alipokaa Kristina, amempakata mtoto wa kiume, mikono imebanwa kwa kanga. "Nimemwambia haupo," Filomena alisema. "Kasema atangoja."

Lukasi alinawa, akachukua kijiko. Mtoto aliachama mwenyewe. Koo lilikuwa jekundu kidogo tu. Na pale katikati kile kinyama kilining'inia, kizima, kinang'aa kwa mate, kikitikisika kila mtoto alipovuta pumzi. Alikuwa amekata vingi mno, wala hakukumbuka kama aliwahi kukitazama hata kimoja.

"Ni kirefu, babu?" mama mtu aliuliza. "Unakata?"

"Filomena," aliita bila kugeuka, "nipashie maji. Uniletee na chumvi."

Maji yalipofika aliyakoroga, akayaonja, akamfungua mtoto mikono, akamshikisha kikombe. Kisha akamwambia yule mwanamke, "Kesho rudi uniambie ameamkaje. Asipopata nafuu, tutashuka naye zahanati."

Mwanamke alishtuka kama aliyetukanwa. "Nirudi? Babu, nirudi kukuambia?"

"Urudi uniambie."

 Mtoto alitupa kichwa nyuma, macho kwenye mawingu, akaanza kusukutua, na mzee alibaki ameinama mbele yake, akisikiliza maji yanavyobubujika kooni.