Makutupora ya Kigwena

Asubuhi ambayo Darius aliahidi kuja kuonja zabibu, Ayubu alizunguka shamba lake mpaka akajitengenezea njia kwenye umande. Anagusa kishada hiki, anakiacha, anakwenda kwa kile, anarudi tena kwa kile cha kwanza. Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa kipande cha ardhi pale Kigwena, nje ya mji wa Rumonge, kati ya michikichi ya jirani na maji ya ziwa, ambacho mkewe Salima aliachiwa na marehemu baba yake. Wenzake wote walipanda michikichi na mihogo. Ayubu alisimamisha nguzo, akavuta waya, akapandisha mizabibu.

"Baba Sabrina, njoo unywe chai," Salima alimwita kutoka mlangoni. "Zabibu haiivi kwa kutazamwa."

"Nakuja."

Chai ilipoa.

Ayubu alizaliwa Rumonge mjini, katika mtaa wa Waswahili. Vita vilipoingia alikimbia na wazazi wake akiwa kijana mdogo, akakulia Kigoma, na nguvu zake za ujana akazimalizia Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Huko alijifunza kupogoa. Zabibu aliyoijua ilikuwa moja tu, ile nyekundu iitwayo makutupora: ndogo, ganda gumu, ikiiva inakuwa nyeusi, na utamu wake hauondoki upesi ulimini. Mvinyo wake hakuwahi kuuonja, kwa kuwa alikuwa Mwislamu. Gari la kiwanda likishaondoka na makreti, alijiambia kazi yake imeishia hapo, na hakupenda kulifikiria zaidi. Yeye na Salima waliporudi nyumbani alibeba pingili za makutupora ndani ya gunia bichi, akazilinda njia nzima kuliko masanduku ya nguo.

Darius alifika jua likiwa limeshapanda. Alikuwa mtu wa Bujumbura, Mkristo, mchangamfu, mwenye kikarakana cha kutengeneza mvinyo wa mananasi ambao aliuza kwenye mahoteli. Siku moja rafiki yake alimletea zabibu za Dodoma, na tangu siku hiyo nanasi lilimtoka moyoni.

Alichuma kishada, akakigeuzageuza. Kilikuwa na rangi tatu: punje za kijani, punje nyekundu, punje nyeusi, zote zimebanana pamoja kama wageni wasiojuana. Alitafuna, kisha akageuka pembeni akatema maganda kwa adabu.

"Muzee Ayubu, kwa macho iko nzuri," alisema. "Lakini iko na maji mingi. Ile ya Dodoma haiko hivi. Wewe ulisema ni mbegu moja."

"Ni mbegu moja. Pingili nilizikata kwa mkono wangu."

"Basi kwa nini haifanani?"

Ayubu alilijua jibu, na lilikuwa linamkera siku zote. Kule Dodoma mvua ikikatika, imekatika. Udongo mwekundu unakauka, mkulima anafunga maji, majani yanapukutika, mzabibu unalala. Ukipogolewa unaamka wote kwa pamoja, na vishada vyake vinaiva kwa pamoja. Hapa Kigwena ziwa lilikuwa chini ya mchanga, hatua chache tu. Mizizi ilikunywa mwaka mzima. Mzabibu haukupata usingizi: tawi moja lina maua, la pili lina zabibu mbichi, la tatu mbivu, na mvua ikinyesha unga mweupe wa ukungu unatambaa juu ya vishada vyote. Alichimba mitaro. Alipukutisha majani kwa mkono. Yalirudi upesi, mapana kama sahani za pilau.

"Nipatie kama ile ya Dodoma, nitachukua yote," Darius alisema, akaaga akipanda gari lake. "Mubaki na amahoro."

Tangu hapo Ayubu hakukaa tena. Juu mlimani Bugarama kulikuwa na mjane mmoja jina lake Domitille, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua ndagala, vidagaa vya ziwani, kwa Salima. Alikuwa na mteremko wa mawe usiokubali maharagwe. Ayubu alimwendea na mzigo wa pingili mgongoni, wakakubaliana: ardhi ya Domitille, mikono ya Ayubu, mavuno nusu kwa nusu. Akawa mtu wa juu na chini. Ukimtafuta Kigwena yuko Bugarama, na Bugarama wanakwambia ameshuka. Waendesha pikipiki wa barabara ile walimjua wote kwa jina.

Mizabibu ya Bugarama ilikua polepole, myembamba, vifundo karibukaribu. Usiku wa huko una baridi, na maji hayakai kwenye mawe. Ilipozaa kwa mara ya kwanza ilitoa vishada vidogo, vyeusi kweli kweli, vyote vimeiva kwa pamoja. Moyo wa Ayubu ulidunda. Alitia punje mdomoni, na mashavu yake yakavutana.

Domitille alicheka mpaka akashika mbavu. "Ayubu we! Umetuletea ndimu?"

"Utamu upo," alisema Ayubu, macho yakimtoka machozi. "Uko nyuma. Unachelewa kuja."

Ulikuwepo kweli, lakini haukuwa ule wa Dodoma. Akateremka jioni ile akiwa ameshapata wazo jingine. Hakungoja hata kuvua viatu.

"Muhuta," alimwambia Salima. "Kuna mtu ana kilima kule Muhuta, si juu sana, si chini sana. Tukihamia kule..."

Salima alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Kule Dodoma uliililia Rumonge," alisema. "Tumefika Rumonge unaililia Dodoma. Nimekupa shamba la baba yangu, unataka Bugarama. Umepata Bugarama, sasa Muhuta. Sabrina akirudi kutoka shule Bujumbura, atatukuta wapi? Watu wanasema wewe unalima pombe, nimenyamaza. Mimi sikukatazi zabibu, Baba Sabrina. Mimi nimechoka kufungasha."

Ayubu alitoka akaenda kusimama ufukweni, akarudi, akatoka tena.

"Labda nimesahau ladha yake," alisema hatimaye. "Niruhusu niende nikaionje mara moja tu. Nikiijua, nitajua pa kuitafuta."

"Nenda," Salima alimjibu. "Lakini usinitafutie nyumba huko."

Akavuka mpaka wa nchi pale Mugina, akafika Kigoma, akapanda treni. Dodoma ilikuwa katika mavuno. Hamisi, mwenzake wa zamani aliyebaki palepale, alimkumbatia, akamshika mkono moja kwa moja mpaka kwenye mistari waliyoipogoa pamoja wakiwa vijana. Ayubu alichuma, akafumba macho, akatafuna.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa nzuri kuliko ya Kigwena, na laini kuliko ya Bugarama. Lakini haikuwa yenyewe.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Mzabibu wako mwenyewe."

"Zamani ilikuwa tamu zaidi."

Hamisi alimtazama, kisha akamvusha korongo mpaka shamba la jirani, penye udongo wa mfinyanzi. Makutupora ileile. Ayubu alionja na kukuta ladha nyingine tena, nzito, yenye ukali wa ganda.

"Usiniambie hukuwahi kulijua hili," Hamisi alisema. "Kila shamba na yake, na kila mwaka na wake. Mwaka huu tumepata mvua. Unaoukumbuka wewe ni ule wa ukame. Vishada vilikuwa vidogo kama vya pilipili manga, tulijaza makreti machache mno, kiwanda hakikurudi mara ya pili. Ni kweli, utamu ule sijauona tena. Lakini tulikula ugali kwa chumvi, Ayubu. Mkeo alikuwa ndio kwanza amejifungua, maziwa hayatoki, ukawa unazunguka kuomba unga. Umesahau?"

Ayubu alikuwa amesahau. Alisimama pale na maganda mdomoni, asijue kama ayameze au ayateme. Alikumbuka zabibu, akasahau njaa. Na sasa njaa ilimrudia nzima: Sabrina akilia ndani ya kanga, Salima akitazama ukuta.

Hata siku haijaisha simu yake ililia. Alikuwa Salima, na sauti yake ilikuwa shwari mno.

"Ziwa limeingia," alisema. "Limeingia mpaka jikoni. Mimi mzima. Ukuta wa nyuma umelala."

Njia nzima ya kurudi Ayubu hakukaa kwenye kiti chake. Alisimama mlangoni mwa behewa akitazama pori linavyokwenda, na treni ikisimama alishuka akatembea kandokando yake, kama kwamba kutembea kwake kungeisukuma.

Alipofika Kigwena maji yalikuwa yamefika kwenye waya wa kwanza. Michikichi ilisimama ziwani kama watu wanaooga. Mtumbwi wa jirani ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya zabibu. Na katikati ya mistari, kitenge kimefungwa juu ya magoti, alikuwepo Salima na mkasi wa kupogolea, beseni likielea kando yake. Alikuwa anakata vishada vyote, vibichi kwa vibivu, hachagui.

"Mama Sabrina! Toka majini!"

"Shika beseni," alimjibu.

Walikata mpaka mistari ikaisha. Walipofika Rumonge mjini, nyumbani kwa mama yake Salima, Ayubu aliona matita ya pingili yameegemezwa ukutani, yamefungwa kwa kamba za migomba, kila tita limefunikwa gunia bichi. Salima alikuwa ameyakata kabla maji hayajapanda, peke yake, kila pingili na macho yake matatu ya kuchipua, kama alivyomwona mumewe akikata miaka yote.

"Ulisema umechoka kufungasha," Ayubu alisema.

"Nimechoka. Ningeziacha zife?"

Mafuriko yalikuwa yameharibu barabara, na sokoni ndimu hazikuwepo. Chakula kilipoletwa kilikuwa wali na mukeke, samaki wa ziwani, na mchuzi wake ulikuwa mkali mkali, wenye harufu ya kijani ambayo Ayubu hakuitambua. Alikula tonge la kwanza, la pili, akasimamisha mkono.

"Umetia nini?"

"Zabibu zako. Zile mbichi. Nimeziponda, nikazichuja. Mama kaomba tena, na majirani wawili wametuma mabakuli."

Ayubu alikula mpaka akapangusa sahani kwa kidole, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kula zabibu ya Kigwena bila kuidai iwe nyingine.

Wakagawana. Salima alipanda matita mawili uani kwa mama yake, penye mwinuko, akavuta waya mwenyewe, akasema yeye anataka zabibu za mchuzi wa samaki, na Rumonge hatoki. Yaliyobaki Ayubu aliyapandisha Bugarama. Alikubali kuteremka kila Alhamisi, aamkie Ijumaa nyumbani.

Darius alipokwea Bugarama kuonja, alikunja uso, akachuma tena.

"Haiko ya Dodoma," alisema.

"Hapana. Ni ya hapa."

"Nitachukua. Mwaka mmoja, tuone itakuwa nini."

Ayubu alimwambia akubaliane na Domitille, mizabibu iko kwake. Jambo lile la mvinyo bado lilimwasha kama upupu, na hakulipatia dawa. Usiku mwingine alitoka nje akatembea kati ya mawe mpaka baridi ikamrudisha ndani.

Kisha mvua ikakata barabara, na Alhamisi ikapita hajateremka. Alhamisi iliyofuata alikuwa ameshavaa viatu kwenda kwa miguu, Domitille akimgombeza, aliposikia pikipiki ikihangaika kwenye utelezi. Salima alishuka, matope mpaka kiunoni, ndoo ya ndagala kichwani.

"Nimekuja kuona mlima wako," alisema. "Sihami. Nakaa mpaka Jumapili."

Akapita mbele yake kuingia katika mistari, akachuma kishada cheusi, akatia punje mdomoni. Mashavu yalimwingia ndani. Ayubu alimngoja aseme neno. Salima alichuma ya pili, akaitafuna polepole akitazama ziwa kule chini, akala mpaka kishada kikabaki vijiti, kisha akaomba maji ya kunywa.