Mara Arobaini na Moja za Verlin Stamper

Basi la Louisville lilikuwa limekwisha kuiacha milima ya makaa nyuma, na Verlin Stamper alikuwa anamenya yai la tatu kati ya matano aliyofungiwa na baba yake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wahunzi, timu ya ligi kuu ya besiboli, walikuwa wamepiga simu kwenye timu ndogo anakochezea: wanataka mrushaji wa akiba, yule anayeingizwa mchezo ukishaharibika. Pale kituoni baba yake, Hobart, mchimba makaa asiye na maneno mengi, alimwambia moja tu.

"Ingia kwenye kitabu, mwanangu."

Kitabu chenyewe ni kile kinene kinachoorodhesha kila mtu aliyewahi kucheza ligi kuu. Ukimrushia mpira mpigaji mmoja, umo milele. Usipomrushia hata huyo mmoja, hukuwahi kuwepo, hata kama ulivaa jezi msimu mzima.

Louisville alipewa jezi, kabati lisilofunga, na nafasi kwenye benchi la zizi. Zizi ni kijiuwanja kilicho nyuma ya uzio. Warushaji wa akiba hukaa humo wakitafuna tumbaku na kungoja simu ya ukutani. Siku ya kwanza simu ililia. Kocha mkuu, Kaczmarek, alisema, "Mpasheni Stamper mkono." Verlin akasimama, akamrushia mdakaji wa zizini, Cleophus Tate, mipira thelathini, mkono ukapata moto. Simu ikalia tena. "Mkalisheni." Akavaa koti, akakaa. Alipokaa alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Ikawa ndiyo hivyo. Kila alipopashwa mkono na kukalishwa bila kuingia uwanjani, aliongezeka mwaka mmoja. Na Kaczmarek alikuwa mtu wa wasiwasi. Akiona wingu, anapasha mtu. Kuna siku alimpasha Verlin mara tatu, na mchezo wenyewe Wahunzi walikuwa wanaongoza kwa tisa. Mwezi ulipokatika Verlin alikuwa na kipara cha ukubwa wa kisahani. Mtunza jezi alimwongezea suruali kiunoni bila kuulizwa. Daktari wa timu alimpima, akaandika kwamba kwa mtu wa miaka arobaini yuko vizuri. Tate, aliyekuwa na miaka thelathini na minane na mwanzoni akimwita dogo, akaanza kumwita kaka.

Tate ndiye aliyemshauri adai kwamba mkono unauma, apumzike. Verlin akakataa. Anayesema mkono unauma hurudishwa kwenye timu ndogo kesho yake, na kitabu hakiandiki waliorudishwa. Basi Tate akainua simu mwenyewe.

"Kocha, huyu kijana anazeeka huku."

"Anapata uzoefu," alisema Kaczmarek, akakata.

Hobart alikuja kumtazama mwishoni mwa Julai, na mfuko wa mikate ya mahindi. Siku hiyo baba na mwana wote walikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwetu hapo pangezuka suala la nani amwamkie nani. Wao walipeana mikono, wakakaa, wakalinganisha migongo. Wa Hobart ulikuwa unauma chini, wa Verlin juu. Hobart aliuliza kama ameshamrushia mtu. Bado. Alirudi tena Jumapili moja ya Agosti. Safari hii alimpisha mwanawe kivulini, akamwita mzee, wala hakujirekebisha.

Mchezo wa Jumapili hiyo ulifika raundi ya kumi na saba, badala ya tisa za kawaida. Wahunzi walikuwa mbele kwa pointi moja, wapinzani wamejaza besi zote tatu, vile vituo vya kukimbilia pointi, amebaki mpigaji mmoja wa kutolewa. Kaczmarek alikuwa amewamaliza warushaji wake wote kwa wasiwasi. Alipiga simu zizini akauliza nani yupo.

"Yupo mzee Stamper," alisema Tate.

Verlin alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kutoka zizini hadi katikati ya uwanja alitumia dakika sita. Mwamuzi alikwenda kumharakisha, akamwangalia vizuri, akampa bega ashikilie. Mpigaji alikuwa Buck Lavender, mtu mwenye mikono kama magogo.

"Pole na safari, mzee," alisema Lavender.

"Asante. Simama mbali kidogo nisije nikakuumiza."

Mpira wa kwanza ulikwenda polepole hata Lavender akapunga gongo ungali njiani. Wa pili aliungoja. Aliungoja mno, akakumbuka mambo ya nyumbani kwake, na alipozinduka ulikuwa umeshadakwa. Wa tatu aliupiga, ukapanda juu wima kama moshi, ukateremka kwenye glavu ya Verlin bila yeye kusogeza mguu. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, aliyeupiga ametolewa. Mchezo ukaisha. Jukwaani Hobart alivua kofia, akakaa nayo mapajani.

Asubuhi Kaczmarek alimwita ofisini, akamwambia kwamba timu inataka kujengwa na vijana.

"Nina miaka ishirini na miwili, kocha."

"Najua. Karatasi zako zinasema hivyo. Miguu yako ndiyo haijazisoma."

Verlin alirudi milimani, akaishi na baba yake, akalima maharage. Kuanzia hapo alizeeka kama watu wengine. Alifariki akiwa na miaka themanini na mmoja, na aliyemzika ni Hobart, aliyekuwa na sitini na tisa. Lavender aliuza magari Tulsa. Tate aliomba kufundisha timu ndogo, wakamwambia angoje. Alingoja miaka kumi na mmoja, akaacha. Kaczmarek alistaafu kwa heshima, akapewa saa. Kitabu kina mstari wa Verlin: mpigaji mmoja, aliyetolewa mmoja, umri ishirini na miwili. Mipira ya kupasha mkono hakihesabu. Msimu uliofuata Wahunzi walileta mrushaji wa akiba kutoka Arkansas, miaka kumi na tisa, na kufika Julai alikuwa anatembelea fimbo.