Kichwa Alichochonga Musembi

Kavata alikuwa akisugua kichwa cha mti kwa msasa, na kidole chake kikaingia katika kishimo cha shavu la kushoto. Akaacha kusugua. Kishimo kile alikijua. Kilikuwa cha dada yake Ndila, na kilionekana tu akicheka.

Baba yao, Musembi, hakukusudia. Aliagizwa kichwa cha mwanamke, yeyote yule, na mikono yake ikamletea huyo.

Jina la Ndila lilikuwa halijatajwa katika nyumba ile kwa miaka minne. Musembi alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja binti yake aliingia ibadani amepaka midomo rangi nyekundu, naye akamwambia mbele ya watu wote asikanyage tena kwake. Ndila akaenda Mombasa, na huko uzazi ukamuua. Wakamzika watu baki. Tangu hapo mama yao alikuwa mtu wa kitandani, na ombi lake lilikuwa moja tu: mumewe amtaje Ndila katika maombi ya nyumbani, hata mara moja, ili naye apate ruhusa ya kumlilia mtoto wake.

Kavata alimnong'oneza mama yake tu; baba hakumwambia kitu. Alikipaka kichwa rangi nyeupe kama kilivyoagizwa, akawa anangoja baba aone mwenyewe.

Mwenye kuagiza alikuwa Muturi, mtu wa Murang'a aliyesomea kompyuta Nairobi na sasa alikuwa na duka la vipodozi Emali. Wiki nzima alikipima kile kichwa kwa uzi na rula, pua, kope, midomo, na kila kipimo akakiingiza katika kompyuta yake, ili picha za vipodozi vyake zilingane na uso ule. Siku ya soko akawaita wanawake dukani, akaziba madirisha kwa magunia, akawasha mashine ya kumulika picha.

Mwanga ukaangukia kichwa. Kope zikawa za buluu. Mashavu yakapata damu.

"Ala! Hata mti umeenda saluni!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

"Na wewe Kaluki unangoja nini? Mti umekushinda!"

"Nishindwe na mti? Huo haujazaa watoto saba!"

Wakacheka hadi wakashikana. Muturi naye akacheka, akabonyeza kitufe. "Sasa, akina mama, lipstiki."

Midomo ikawa myekundu.

Musembi, aliyekuja kutazama kazi yake, alikuwa amesimama karibu na mlango. Akawapita wanawake bila kusema hodi wala samahani, akanyoosha mkono akaifuta ile midomo kwa kiganja. Wekundu wa ule mwanga ukapanda juu ya mkono wake. Akaondoa mkono, midomo iko pale pale. Akafuta tena, kwa nguvu, na watu wakazidi kucheka.

Kavata, ambaye hata kwenye kwaya alisimama nyuma ya wengine, akajikuta yuko mbele.

"Baba, ni yeye. Mtaje tu. Mama anangoja."

"Huu ni mti."

"Baba, sijawahi kukuomba kitu."

"Nimesema ni mti!"

Akatoa tezo katika mfuko wake wa kazi. Pigo la kwanza likaondoa pua.

"Mzee! Mzee, unaharibu vipimo!" Muturi akalia.

Musembi hakusikia. Alichonga kwa haraka, kama mtu anayechonga mpini, na vipande vyeupe vikawaangukia wanawake miguuni. Hakuna aliyecheka sasa. Alipoacha, hapakuwa na uso wa mtu, ila rangi zilikuwa bado zinamulika, na midomo ilitua pale mahali pa kidevu, juu ya mti mtupu. Muturi akaizima mashine.

Kavata alirudi nyumbani peke yake. Mama yake alimtambua kwa nyayo kabla hajafika mlangoni.

"Mwanangu, ameiona kazi yake?"

"Ameiona, mwaitu."

"Akasema nini? Amemtaja?"

Kavata akamwinua, akamgeuza upande wa pili, akamfunika blanketi mpaka shingoni.

"Baba bado yuko Emali," akasema.